Panya, Viroboto na Kompyuta: Kwa Nini Mifumo Endeshi Maarufu Ina Nyufa Nyingi

Tauni ilipozuka wilayani Lushoto mwaka 1980, na kisha kurudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20, wataalamu wa afya hawakuishia kuwatibu wagonjwa. Waliuliza pia nyumba zimejengwaje, mahindi yanahifadhiwa wapi na watu wanalala wapi. Panya hufuata nafaka, viroboto hufuata panya, na anayelala sakafuni karibu na ghala huumwa wa kwanza. Maswali ya namna hiyo yanafaa kuulizwa leo juu ya kompyuta zinazotunza kumbukumbu za wagonjwa katika milima ya Usambara na kwingineko nchini.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kompyuta nzima: huwezesha kumbukumbu, kichapishi, mtandao na programu nyingine kufanya kazi pamoja. Windows, Android, macOS na Linux ni mifano yake. Atakayeuingilia huweza kufikia karibu kila kilichomo, likiwemo jalada la mgonjwa.

Chanzo cha nyufa

Sababu ya kwanza ni ukubwa. Kiini cha Linux peke yake kilikwisha kupita mistari milioni 27 ya msimbo mwaka 2020. Hakuna binadamu awezaye kuusoma wote na kuuelewa. Aidha, sehemu kubwa ya mifumo hii imeandikwa kwa lugha za C na C++, ambazo humwachia mwandishi jukumu la kupima mwenyewe mipaka ya kumbukumbu ya kompyuta. Akikosea hesabu mahali pamoja, mdukuzi hupata pa kupenyeza amri zake. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya nyufa ilizokuwa ikiziziba kila mwaka zilitokana na makosa ya aina hiyo.

Sababu ya pili ni mzigo wa zamani. Mfumo maarufu hulazimika kuendelea kuhudumia programu na vifaa vya miaka mingi iliyopita. Hospitali yenye mashine ya maabara iliyonunuliwa zamani haitaki kuambiwa kwamba haitafanya kazi tena. Hivyo milango ya kale huachwa, hata pale ambapo wachache tu bado wanaipitia.

Sababu ya tatu ni umaarufu wenyewe. Mhalifu anayetumia miezi kadhaa kutafuta ufa hupendelea ule utakaomfungulia kompyuta milioni kuliko utakaomfungulia 10. Ila idadi ya nyufa zinazotangazwa isomwe kwa uangalifu. Wilaya inayopima malaria kwa bidii huripoti wagonjwa wengi kuliko isiyopima, na hilo halithibitishi kwamba ina malaria zaidi. Kadhalika, mfumo unaochunguzwa na watafiti wengi huonekana kuwa na kasoro nyingi. Mfumo usiochunguzwa na yeyote huenda ni mgonjwa asiyepimwa.

Dawa ipo, mgonjwa hajainywa

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa katika njia ya zamani ambayo Windows huitumia kushirikishana mafaili. Siku 59 baadaye, tarehe 12 Mei, programu hasidi iliyoitwa WannaCry iliupitia ufa huohuo. Ilifunga mafaili, ikadai fidia, na kusambaa katika nchi zaidi ya 150 ndani ya siku chache. Nchini Uingereza, takriban theluthi moja ya taasisi za hospitali za umma za England ziliathirika, na inakadiriwa kwamba zaidi ya miadi 19,000 ya wagonjwa iliahirishwa. Kompyuta nyingi zilizodhurika huko hazikuwa za kale mno. Zilikuwa za Windows 7, ambayo bado ilikuwa ikipata masasisho. Hazikuwa zimesasishwa tu.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Sasisho linapotolewa, wadukuzi nao hulichambua na kutambua ufa ulipo. Kwa hiyo siku zinazofuata ndizo za hatari zaidi kwa anayechelewa.

Hatari katika vituo vya milimani

Katika zahanati nyingi masasisho huchelewa kwa sababu zinazoeleweka: mtandao husuasua, bando ni ghali, umeme hukatika, na programu isiyo na leseni huenda haisasishwi kabisa. Ripoti zinapobebwa kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine, flashi hiyo hufanya kazi ya kiroboto. Isitoshe, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea toleo linalofuata.

Madhara yake humfikia mgonjwa. Mfumo ukifungwa, dirisha la dawa husimama na majibu ya maabara hayaonekani. Taarifa zikivuja, katika kijiji ambacho watu wote wanafahamiana, hali ya mtu ya VVU haiwezi kurudishwa kuwa siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitambua taarifa za afya kuwa taarifa nyeti.

Yanayowezekana kufanyika

Kwa watumishi wa afya:
- Pangeni siku maalumu kila mwezi ya kusasisha kompyuta zote, na mweke kumbukumbu yake kama ya chanjo.
- Kila mtumishi awe na nywila yake. Kazi za kila siku zisifanywe kwa akaunti ya msimamizi wa mfumo.
- Nakala rudufu itunzwe katika diski isiyounganishwa na kompyuta wala mtandao, na ijaribiwe kama inafunguka.
- Mashine ya maabara isiyoweza kusasishwa itengwe na intaneti.
- Daftari za MTUHA ziwe tayari, na watumishi wajue namna ya kuendelea kutoa huduma mfumo ukizima.

Kwa wagonjwa: simu ya Android nayo ni kompyuta, hivyo kubalini masasisho yake. Msitume picha za kadi za kliniki katika makundi ya WhatsApp. Mna haki ya kuuliza kituo kinavyotunza taarifa zenu.

Nyufa mpya zitaendelea kugunduliwa, kwa kuwa mifumo hii huandikwa na binadamu na hubadilika kila siku. Udhibiti wa tauni haukusubiri panya wote wa Usambara waishe. Ulihitaji nafaka ihifadhiwe vizuri, viroboto wauawe na mgonjwa wa kwanza atolewe taarifa mapema. Usalama wa kompyuta za kituo unahitaji nidhamu ya aina hiyo, ikisimamiwa na mtu anayejulikana kwa jina na wadhifa.