Mchezo Nao ni Mwalimu

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mchezo ni adui wa masomo. Mtoto akionekana anacheza huitwa mvivu. Mimi pia niliamini hivyo, mpaka likizo ya Agosti mwaka jana.

Nina ndugu mdogo, wakati huo alikuwa gredi ya tatu. Siku moja mama alinituma ghalani kuchota mahindi, nikakuta daftari lake la hesabu limefichwa chini ya gunia. Lilikuwa limejaa alama za makosa. Nasema kwa aibu kwamba nililipeleka mpaka jikoni, nikalionyesha kila mtu na kumwita kichwa maji. Hakulia. Alisema tu, "Basi mimi siendi tena shule." Usiku huo usingizi ulinipaa.

Kesho yake nililichukua lile daftari nikaliangalia pole pole. 42 toa 17, aliandika 35. 61 toa 28, aliandika 47. Je, msomaji, umeona anachofanya? Kila mara alitoa tarakimu ndogo kutoka kwa ile kubwa, haidhuru ipi iko juu. Kumbe hakuwa mjinga! Alikuwa na kosa moja tu, analirudia. Lakini katika darasa la watoto zaidi ya hamsini, mwalimu mmoja atapata wapi nafasi ya kuliona?

Basi tukaanzisha duka. Tulitia maharagwe kumi kumi ndani ya viberiti vitupu. Yeye mwenye duka, mimi mteja. Tuseme ana viberiti vinne na maharagwe mawili nje, yaani 42. Mimi nataka 17. Ananipa kiberiti kimoja, halafu natakiwa kupata saba, naye nje ana mawili tu. Afanye nini? Sharti afungue kiberiti. Sasa ana maharagwe 12, akitoa 7 yanabaki 5, na viberiti vimebaki 2. Jibu ni 25. Akikosea, mteja anaondoka na mali ya bure! Siku tatu za kwanza nilimfilisi kabisa. Siku ya nne alinishika mkono akasema, "Wewe, hapo umezidisha!"

Wiki iliyofuata tulipanda matatu kutoka Runyenjes hadi Nkubu, kule Meru, kumwona shangazi. Binti yake alikuwa gredi hiyo hiyo ya tatu. Nilimtolea viberiti vyangu kwa maringo, naye akanishinda papo hapo. Hesabu kwake ni maji. Shida yake ilikuwa kusoma. Palipoandikwa "mbali" alisoma "bali", na "ngome" ikawa "gome". Nikakata boksi la sabuni, nikaandika silabi kwenye vipande: ba, mba, ga, nga, li, me na nyinginezo. Mchezaji anaokota vipande, anaunda neno, analisoma kwa sauti, kisha anaeleza maana yake. Asipoweza, vipande vinarudi chini. Ndugu yangu naye alipozicheza kadi hizo alizimaliza upesi, akaanza kupiga miayo.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nataka ulishike. Mchezo wa kufunza ni kama dawa. Mwenye jino humpi dawa ya malaria. Kwanza tafuta mtoto amekwama wapi, ndipo uchague mchezo.

Jambo hili limejaribiwa hata kwa mitambo. Kati ya mwaka 2017 na 2019, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 hivi vya mkoa wa Tanga, Tanzania, walipewa vishikwambi, yaani zile kompyuta bapa za kugusa kwa kidole, vilivyochajiwa kwa nguvu za jua. Ndani yake mlikuwa na michezo ya kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Kila mmoja alienda kwa mwendo wake. Yalikuwa mashindano ya kimataifa, na mwezi wa Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10.

Hata hivyo, si kila mchezo ni mwalimu. Mtoto anaweza kubonyeza simu ovyo ovyo mpaka ilie, asijue lolote. Mchezo mzuri humwonyesha kosa lake mara moja bila kumtia haya, na hupanda ngazi anapopanda yeye. Aidha, mwisho wake ni lazima aweze bila maharagwe, kwa kalamu na karatasi. Isitoshe, anahitaji mtu wa kuketi naye.

Huyo mtu ni nani kama si mimi na wewe? Sisi wa shule ya kutwa hurudi nyumbani kila jioni, tena wadogo wetu wako pale pale. Dakika ishirini kabla ya chakula zatosha.

Ndugu yangu alirudi shule muhula wa tatu. Hakuwa wa kwanza, wala hakuwa wa kumi. Lakini daftari lake siku hizi hulala mezani, wazi, mtu yeyote aone. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa.