Ukijeruhiwa au kubakwa, saa 72 za kwanza usizipoteze

Katika vituo vyetu vya afya hawakosekani watu waliopigwa, waliokatwa panga, waliobakwa, au watoto waliofanyiwa ukatili. Wengi wakifika mapokezi, swali lao la kwanza halihusu kidonda. Wanauliza kama watapokelewa bila PF3. Wengine wanafika siku ya tano au ya sita, kwa sababu ukoo ulikuwa kwenye kikao.

Wiki hii tuzungumzie jambo hilo, kwa sababu kuchelewa kunamnyima mwathirika vitu viwili kwa pamoja: afya yake na haki yake.

Kesi ya jinai kisheria ni ya Jamhuri. Aliyejeruhiwa anaingia mahakamani kama shahidi, na mwenye kuiendesha kesi ni wakili wa serikali. Ndiyo maana waathirika wengi hujiona wamewekwa pembeni katika jambo lililowapata wao wenyewe. Hata hivyo, kuna vitu viwili ambavyo ni wao tu wanaoweza kuvileta: maelezo yao na mwili wao. Mwili haungoji. Uvimbe unashuka, michubuko inakauka, na mbegu za kiume zinapotea ndani ya siku chache.

PF3 si tiketi ya matibabu

PF3 ni fomu ya polisi namba 3. Polisi wanajaza sehemu yao, daktari au tabibu anajaza alichokiona, kisha fomu inarudi polisi ili itumike kama kielelezo. Fomu hii haiuzwi.

Wizara ya Afya imekuwa ikisisitiza kwamba majeruhi wa dharura ahudumiwe kwanza, fomu ifuate. Kwa hiyo kama mtu anatokwa damu, amezirai, amevunjika au amebakwa, mpelekeni moja kwa moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Ndugu mmoja abaki na mgonjwa, mwingine aende polisi kufuata fomu. Mkikataliwa mapokezi, ombeni kumwona daktari wa zamu au mganga mfawidhi.

Baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako mwathirika wa ukatili anapata daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii sehemu moja. Ulizeni kama hospitali yenu inacho. Kinapunguza safari za kwenda na kurudi, na kinampunguzia mgonjwa mzigo wa kusimulia jambo lile lile mbele ya watu wengi.

Kwa nini saa 72

Aliyebakwa au kulawitiwa anaweza kupewa dawa kinga dhidi ya VVU. Dawa hizi zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na mwisho wake ni saa 72 tangu tukio. Zinamezwa kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Saa mbili baada ya tukio ni bora kuliko saa ishirini, na siku ya nne mlango huo umeshafungwa.

Mwanamke au msichana aliyevunja ungo apewe pia vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Hivi vinaweza kusaidia hadi siku tano, lakini nguvu yake inapungua kadiri muda unavyopita. Kuna dawa za kuzuia magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B na, kwa mwenye majeraha, sindano ya pepopunda.

Wanaume na wavulana nao hubakwa, na huduma hizi ni zao pia. Aliyechelewa asikae nyumbani kwa kukata tamaa. Bado anahitaji vipimo, tiba ya majeraha na msaada wa kisaikolojia.

Usifue, usioge

Jambo la kwanza ambalo mtu aliyebakwa anatamani kufanya ni kuoga. Natambua uzito wa tamaa hiyo. Lakini kama anaweza, asubiri apimwe kwanza. Asijisafishe sehemu za siri, na asipige mswaki kama aliingiliwa mdomoni.

Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kila nguo na mfuko wake. Mfuko wa nailoni unatunza unyevu, na unyevu unaozesha vinasaba ambavyo vingeweza kupimwa katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Nimewahi kuletewa kanga iliyofuliwa vizuri, imekunjwa na kupigwa pasi, kwa sababu mama wa binti aliona aibu kuileta ikiwa chafu. Alikuwa mama mwema, ila hakuna aliyewahi kumweleza.

Kama mtu ameshaoga, aje hivyo hivyo.

Daktari anaandika alichokiona

Ndugu wengi hukasirika wakisoma PF3 na kukuta daktari hakuandika kwamba mgonjwa amebakwa. Kuamua kama kosa limetendeka ni kazi ya mahakama. Kazi yangu ni kueleza jeraha liko wapi, lina urefu gani, limesababishwa na kitu chenye makali au kitu butu, na nilipata nini kwenye vipimo.

Kitu kingine ambacho jamii inapaswa kukijua ni kwamba mtu anaweza kubakwa na asionekane na jeraha lolote. Wengi huganda kwa hofu na kushindwa kupambana, na tishu za sehemu za siri hupona haraka. Fomu isiyo na jeraha haimaanishi mgonjwa amedanganya. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshaweka msimamo kwamba ushahidi bora wa ubakaji unatoka kwa mwathirika mwenyewe. Zipo kesi ambazo PF3 iliondolewa kwenye ushahidi kwa sababu haikusomwa mahakamani baada ya kupokelewa, lakini maneno ya mwathirika yakabaki.

Kwa hiyo toa maelezo mapema na kwa ukamilifu. Kama unamfahamu aliyekutenda, mtaje kwa jina polisi siku hiyo hiyo. Mahakama huupa uzito ushahidi wa shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mapema.

Akili nayo imejeruhiwa

Baada ya tukio, mtu anaweza kushtuka usiku, kukwepa njia aliyozoea, kukosa hamu ya kula au kuwa mkali bila sababu. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena. Kumbukumbu za mshtuko pia huja vipande vipande, bila mpangilio, na hilo peke yake si dalili ya uongo. Dalili zikizidi mwezi mmoja, au mtu akianza kuzungumzia kujiua hata siku ya kwanza, muoneni mtaalamu wa afya ya akili.

Sheria inaruhusu ushahidi wa makosa ya kujamiiana kusikilizwa faraghani, na magazeti hayaruhusiwi kumtangaza shahidi. Mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi kwa kuahidi tu kusema ukweli. Mshtakiwa akitiwa hatiani, mahakama inaweza pia kumwamuru amlipe mwathirika fidia. Watu wengi hawayajui haya, na kutokuyajua ndiko kunakowafanya wamalize kesi nyumbani.

Kikao cha ukoo kinaweza kupokea ng'ombe au fedha. Hakina dawa kinga, hakina chanjo, na hakimzuii mtu yule asimrudie mtoto yule yule, hasa kama wanalala nyumba moja.

Kama jambo hili limetokea kwenu leo, nendeni hospitali sasa na mfuko wa karatasi wenye nguo. Polisi wanapatikana kwa namba 112. Kwa ukatili dhidi ya mtoto, pigeni 116, ni bure. Daktari akishamaliza kumpima, mwambieni aandike kila alama aliyoiona, na mhifadhi tarehe ya kurudi kwenye vipimo.