Tukienda Mbudya, Tunaacha Nini Kisiwani?



Parokia nyingi za Dar es Salaam na Bagamoyo hupanga matembezi baada ya sikukuu kubwa. Wapo wanaokwenda Bagamoyo kuiona misheni iliyoanzishwa mwaka 1868 na miembe yake mikongwe. Wengine, hasa vijana na wanakwaya, hushuka Kunduchi na kupanda boti kwenda kisiwa cha Mbudya. Ni safari fupi na isiyo ghali, nayo hujenga undugu. Hakuna ubaya wowote kwenda. Lakini ni vizuri tujue tunakanyaga wapi.

Mwaka 1975 Serikali ilivitangaza Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini kuwa maeneo tengefu ya bahari. Uvuvi hauruhusiwi hapo, na mgeni hulipa kiingilio. Wapo wanaonung'unikia kiingilio hicho, wakiuliza kwa nini walipie bahari aliyoiumba Mungu. Kinacholindwa hapo hasa ni matumbawe.

Wengi wetu hudhani matumbawe ni mawe. Kumbe yamejengwa na wanyama wadogo sana wanaoishi pamoja kwa maelfu, kila kizazi kikiacha chokaa juu ya kile kilichotangulia. Yale makubwa ya mviringo huongezeka kama sentimita moja tu kwa mwaka. Kwa hiyo tumbawe lenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza huenda lilianza kukua kabla babu yako hajazaliwa, na nanga moja iliyotupwa ovyo hulivunja kwa dakika moja. Humo samaki hujificha na kukulia, kisha baadhi yao hutoka nje ya mipaka, mahali ambapo mvuvi anaruhusiwa kutega. Papa Fransisko aliyagusia matumbawe katika aya ya 41 ya Laudato Si' (2015), akisikitikia jinsi yanavyokufa katika bahari nyingi za dunia.

Hapa pana jambo la haki ambalo tunalisahau. Mvuvi wa Kunduchi ameambiwa asivue karibu na kisiwa ili samaki waongezeke. Amenyimwa eneo la kuvulia. Jumapili anatuona sisi tukipita na boti, vyakula na spika (kwa nini kisiwa kihitaji spika, sijaelewa bado). Tukiyakanyaga matumbawe yale, mvuvi huyo anakuwa amepoteza mara mbili: kwanza eneo lake, kisha samaki aliowavumilia.

Takataka nazo zina historia yake. Gari la taka haliendi kisiwani, na chupa iliyoachwa chini ya mbuyu itapeperushwa na upepo hadi majini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa za maji na vifungashio vya chakula bado vipo. Kasa humeza plastiki akidhani ni yavuyavu. Kome mtupu tunayemwokota kwa kumbukumbu ni nyumba ya kaa mdogo, na kiti cha pweza kinachotolewa majini kwa ajili ya picha huweza kufa hata kikirudishwa.

Je, inawezekana wageni waje na kisiwa kibaki salama? Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, kinatoa jibu. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliyatangaza matumbawe ya upande wake wa magharibi kuwa hifadhi, na usimamizi ukakabidhiwa mradi binafsi. Baadhi ya wavuvi wa eneo hilo walifundishwa kazi ya ulinzi, wakawa ndio wanaowaeleza wenzao kwa maneno, bila silaha, kwa nini wasivue pale. Nyumba za wageni ni saba tu. Paa zake hukinga maji ya mvua, umeme ni wa jua, na vyoo havitumii maji. Fedha za wageni hugharimia ulinzi wa hifadhi na masomo ya wanafunzi wanaoletwa kuyaona matumbawe. Ni kweli, Chumbe ni ghali, na kwaya zetu hazitalala kule. Tunachoweza kuiga ni ile hesabu yao ya kujua mapema kisiwa kinabeba watu wangapi, na kila kitu kinachoingia kitatokaje.

Basi katibu anayepanga safari asiishie kwenye nauli na wali. Amwombe nahodha ashushe nanga penye mchanga mtupu. Awaeleze vijana kabla ya kuogelea kwamba hawasimami juu ya matumbawe hata wakichoka. Maji yabebwe kwenye madumu, kila mtu na kikombe chake. Samaki waliokaangwa wanunuliwe kwa wenyeji, ili fedha ya safari iwafikie na watu wa pwani. Na pale Kunduchi, kabla ya kupanda boti, mtu mmoja ahesabu chupa zote na kuandika idadi. Jioni zihesabiwe tena palepale, kabla basi halijaondoka.