Je, Wajua? Herufi Moja Ubavuni mwa Jina

Je, wajua ya kuwa katika magazeti ya kale ya Kihawaii, yaliyoanza kuchapishwa Lahainaluna, kisiwani Maui, mwaka 1834, ilihitajika herufi moja tu kumjulisha msomaji kama marehemu alikuwa mwanamume au mwanamke? Majina ya wenyeji hayakubainisha jinsia. Basi baada ya jina ikawekwa (k), yaani *kane*, mwanamume, ama (w), yaani *wahine*, mwanamke.

Vichwa vya matangazo vilikuwa vifupi: *Hanau*, waliozaliwa, *Mare*, waliooana, neno lililotoholewa kwa Kiingereza, na *Make*, waliofariki.

Kabla ya mwaka 1860, mtu alitosheka na jina lake moja. Ndipo Mfalme Kamehameha wa Nne alipotia sahihi sheria ya kumtaka mke achukue jina la mumewe, na watoto jina la baba yao.

Lakini lenye kugusa moyo kuliko yote ni *kanikau*, tenzi za maombolezo ambazo wafiwa, kwa huzuni yao, walizipeleka gazetini, nazo zikachapishwa kwa urefu wake, pengine safu nzima. Humo mjane hakumtaja mumewe peke yake, bali alizihesabu, moja baada ya moja, njia walizopita pamoja, na pepo, na mvua zilizowanyea, kila moja kwa jina lake; maana mvua ya mji wa Hilo huitwa Kanilehua, na ya bonde la Mānoa huitwa Tuahine.