Haki za Mwenyeji Juu ya Mgeni Wake

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Mawaidha ya kumkirimu mgeni tumeyasikia mara nyingi, na ni ya haki. Hadithi ya Abu Shurayh al-Ka'bi (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, imefungamanisha ukarimu huo na kumuamini Allah na Siku ya Mwisho. Lakini hadithi hiyo hiyo ina sehemu ya pili ambayo haisomwi sana mimbarini. Ndani yake Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa ugeni ni siku tatu, kinachozidi hapo ni sadaka, na si halali kwa mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Katika riwaya ya Muslim maswahaba waliuliza vipi mgeni humtia mwenyeji katika dhambi, wakajibiwa kuwa ni kwa kukaa kwake ilhali mwenyeji hana cha kumkirimu.

Basi ugeni una haki za pande mbili. Wahenga wetu nao waliliona hilo waliposema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Nyumba ya wapangaji wengi

Tuchukue mfano wa nyumba ya Kiswahili ya Mchikichini, Ilala au Kariakoo. Ukumbi uko katikati, vyumba viko kulia na kushoto, na uani kuna choo, bafu na mahali pa kupikia. Mara nyingi kila chumba kina familia yake, choo ni cha wote, na umeme wa LUKU hununuliwa kwa mchango. Mitaa hii haikosi wageni. Wapo wafanyabiashara wa mikoani, Zambia, Kongo na Komoro wanaofuata bidhaa Kariakoo, na wapo jamaa wanaouguza wagonjwa wao Muhimbili au Amana.

Hapa ndipo penye mas-ala. Mwenyeji anapomkaribisha mgeni, ruhusa yake inahusu chumba chake na fungu lake. Haimpi mgeni haki ya maji, umeme na nafasi za wapangaji wengine. Watu wanne wakiongezeka kwa wiki tatu, dhiki inamfika jirani ambaye hakuulizwa, na kaida ya sharia ni kutodhuru wala kudhuriana. Kwa hiyo mgeni achangie LUKU na maji bila kungoja kudaiwa, na mwenyeji awape habari wenzake mapema.

Vilevile uani ni sitara ya wanawake wa nyumba nzima. Sura An-Nur (24:27-28) imeamrisha kutaka idhini na kutoa salamu, na kurejea pale tunapoambiwa turejee. Mgeni mwanamume aliyekwisha kupokelewa chumbani bado anawajibika kupiga hodi kabla ya kutoka uani.

Je, kukirimu ni wajibu?

Wanazuoni wamekhitilafiana. Jamhuri yao wamesema ni sunna iliyotiliwa mkazo. Imam Ahmad na Layth bin Sa'd wamesema ni wajibu kwa mchana mmoja na usiku wake. Imam Malik ameona jambo hili linawahusu watu wa mabadiya, kwa kuwa msafiri mjini hupata nyumba za kufikia na chakula sokoni.

Sababu hiyo ya Imam Malik inafaa kuzingatiwa. Mfanyabiashara mwenye mtaji, na gesti ziko hatua chache kutoka sokoni, asikifanye chumba cha shangazi yake kuwa haki yake. Ama aliyeleta mgonjwa na hana uwezo, huyo ni mhitaji, na kumsubiria ni katika mambo makubwa ya kheri.

Mfano wa Abdurrahman bin Auf

Mtume (s.a.w.) alipounga udugu baina ya Muhajirina na Ansari, Abdurrahman bin Auf (r.a.) aliunganishwa na Sa'd bin Rabi' (r.a.), aliyemtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman alimuombea baraka kisha akauliza soko liko wapi. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa, akarudi na faida ya maziwa makavu na samli.

Pwani yetu nayo ina historia katika jambo hili. Ibn Battuta, aliyepita huku katika karne ya 14, ameeleza kuwa Mogadishu kila mfanyabiashara mgeni alikuwa na mwenyeji aliyemuuzia na kumnunulia. Biashara iliyofanywa kwa kumpunja mgeni, au bila ya mwenyeji wake kuwapo, haikuhesabiwa. Mwenyeji alikuwa ndiye dhamana. Leo Kariakoo mgeni akichukua mali kauli kwa jina la mwenyeji wake kisha akapanda basi, deni linabaki mlangoni kwa aliyemlaza. Hiyo ni khiyana, wala haifutwi na zawadi ya mchele atakaoutuma baadaye.

Msikitini

Kwa maimamu na wanafunzi, adabu hii inafika mpaka kwenye mihrabu. Muslim amepokea kwa Abu Mas'ud al-Ansari (r.a.) katazo la mtu kumsalisha mwenzake katika mamlaka yake, au kukaa mahali pake pa heshima, ila kwa idhini. Basi mgeni, hata akiwa na elimu zaidi, asubiri kutangulizwa. Akitangulizwa naye anapunguza sala, awaambie maamuma wakamilishe, kama alivyofanya Umar (r.a.) Makka. Na katika madhehebu ya Shafi'i, anayenuia kukaa siku nne kamili, ukiacha ya kuingia na ya kutoka, si msafiri tena. Anakamilisha sala yake.

Ndugu msomaji, kabla ya safari mpe mwenyeji habari, mtajie siku utakazokaa, na uzitimize. Mtume (s.a.w.) ameifananisha safari na kipande cha adhabu, akamhimiza aliyemaliza haja yake aharakishe kurudi kwa ahali zake. Na unapoondoka, waombee dua waliokulisha, uwaage na majirani wa uani.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie tuwe wageni wanaotamaniwa kurudi. Wallahu a'lam.