Kupasha joto nyumba na garaji pasipo umeme: shofaje ndogo ya mazutu, mbabula, na hewa tunayopumua



Wale wanaoishi milimani kule Lubero, Masisi ao Minembwe hawana haja ya kuelezwa baridi ni nini. Fasi nyingi za huko zinapita mita 2000, na usiku joto linaweza kushuka mpaka digrii 10, hata chini yake. Waya wa umeme haufiki. Kila nyumba inajitafutia joto lake: moto wa kuni, mbabula ya makala, na siku hizi kuna pia mashine ndogo zinazochoma mazutu. Mafundi wa magari wanaziita shofaje, juu zilitengenezwa kwanza kwa kupasha kabini za malori na mashua.

Swali ni hili: shofaje kama hiyo inaweza kupasha nyumba, ao garaji ya koperative inayolelewa vifaranga? Jibu fupi: inaweza. Lakini faida yake kubwa si nguvu. Faida yake ni tiyo mbili, moja ya kuingiza hewa ya moto na moja ya kutoa moshi. Mwenye kuelewa kazi ya hizo tiyo mbili ataelewa pia kwa nini mbabula inaua watu ndani ya nyumba.

Moto unakula hewa ile ile tunayopumua

Moto wowote unahitaji hewa. Kama umewashwa ndani ya chumba kilichofungwa, unakula hewa ya chumba na kurudisha gesi zake ndani ya chumba hicho hicho. Hewa ikipungua, makala hayaungui vizuri, na yanatoa gesi mbaya inayoitwa monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Ikiingia kwenye damu inashika fasi ya oksijeni, na inashika kwa nguvu inayozidi oksijeni mara 200 na zaidi. Mutu anaendelea kupumua kama kawaida, lakini mwili unakosa hewa.

Wengi wanasema: « Sisi tunangojea moshi iishe, makala ikuwe myekundu, njo tunaingiza mbabula ndani. » Hapo njo kuna mtego. Moshi unaotoka mwanzoni unawasha macho na kumfukuza mutu. Makala yakisha kuwa mekundu, moshi unapungua lakini ile gesi inaendelea kutoka. Kile kilichokuwa kinatuonya kimeondoka, hatari imebaki.

Si mazuku, lakini inaua vile vile

Watu wa Goma na Sake wanajua mazuku, ile gesi inayotoka chini ya ardhi karibu na volkeno na kukaa ndani ya mabonde madogo, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Mazuku ni dioksidi ya kaboni. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini, na mbuzi ao mtoto anaanguka mbele ya mutu mzima aliyesimama.

Gesi ya mbabula ni tofauti. Uzito wake ni karibu sawa na wa hewa, kwa hiyo inajichanganya na kujaa chumba kizima, chini mpaka juu. Kulala juu ya kitanda kirefu hakumwokoi mutu. Kuweka sufuria ya maji pembeni ya mbabula hakuondoi gesi. Kufungua dirisha kidogo kunapunguza, lakini baridi ikiingia mutu anaamka kulifunga, kisha analala.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, akili kuvurugika. Hizo zinafanana na malaria, ndiyo maana watu wanakunywa dawa na usiku wanarudi kulala pembeni ya mbabula ile ile. Tofauti iko hapa: malaria haishiki watu wote wa nyumba saa moja. Kama baba, mama na watoto wote wanaamka na kichwa kinauma, na wakitoka inje wanapata nafuu, mushitaki moto. Mama mwenye mimba na mtoto aliye tumboni wako katika hatari kubwa zaidi.

Grupe (jenereta) na moto nazo zinatoa gesi hiyo hiyo. Tunajua kwa nini watu wanafungia grupe ndani ya garaji ikiwa inatembea: wanaogopa wezi. Lakini garaji iliyoshikamana na nyumba inapitisha gesi kwenye mlango na kwenye dari. Heri kuijengea grupe kibanda chake mbali na nyumba, na kuifunga na mnyororo.

Shofaje ya mazutu inafanya kazi namna gani

Ndani ya shofaje kuna kichomeo kidogo cha chuma. Pompi inaleta mazutu tone kwa tone. Buji inapata moto na kuwasha hayo mazutu. Feni ndogo inavuta hewa kutoka inje kupitia tiyo ya kwanza, na moshi unatoka inje kupitia tiyo ya pili. Moto wote unabaki ndani ya kile chuma. Feni nyingine inapuliza hewa ya chumba juu ya chuma hicho kutoka upande wa inje, hewa inapata joto na kurudi chumbani. Hewa ya moto na hewa ya watu hazikutani. Mbabula haiwezi kufanya hivyo.

Viwanda vya Ujerumani kama Webasto na Eberspächer vinatengeneza shofaje hizi, na nyingi za bei nafuu zinatoka China. Zinatumia batri ya volti 12 ao 24. Wakati wa kuwasha, buji inavuta karibu amperi 8 mpaka 10 kwa dakika chache. Baadaye, ikitembea polepole, inavuta karibu amperi 1 ao 2. Ile ya kilowati 2 inakula kati ya lita 0,1 na 0,28 ya mazutu kwa saa moja, kufuatana na nguvu uliyoiwekea.

Namna ya kuiweka

1. Kama inawezekana, muweke mashine yenyewe inje, ndani ya sanduku la chuma lenye kupitisha hewa na lisiloingia mvua. Muingize chumbani tiyo ya hewa ya joto peke yake. Ile hewa ambayo mashine inapasha isivutwe karibu na fasi moshi unapotokea.

2. Mdomo wa tiyo ya moshi uwe mbali na mlango, dirisha na mdomo wa tiyo ya kuvuta hewa. Uangalie chini kidogo ili maji yasibaki ndani.

3. Tiyo ya moshi inapata joto kubwa sana. Isiguse mbao, majani ya nyumba, shitingi wala magunia. Ikipita ukutani, muizungushie chuma ao udongo wa kuchoma.

4. Bidoni ya mazutu iwe mbali na joto. Msitie esanse hata kidogo, wala msichanganye na mazutu: inaweza kulipuka. Garaji yenye bidoni za esanse ao piki-piki inayovuja si fasi ya kuweka kitu cha moto. Mvuke wa esanse ni mzito, unatembea chini chini mpaka unapata cheche.

5. Mpitishe mazutu kwenye filta. Mazutu yenye maji ao uchafu yanaziba pompi na kujaza masizi.

6. Msizime kwa kung'oa waya wa batri. Mzime kwa swichi, mashine iendelee kupuliza dakika chache mpaka ipoe. Mkikata ghafula, joto linabaki ndani na kuiharibu.

7. Mukisikia harufu ya mazutu ao ya moshi ndani ya chumba, mzime mara moja. Tiyo imefunguka ao chuma kimepasuka. Kama pesa inatosha, mnunue pia alamu ya monoksidi ya kaboni, kile kidude cha batri kinacholia gesi ikiwa nyingi. Hakipimi harufu, kinapima kile pua haiwezi kusikia.

Juu ya milima hewa ni nyepesi

Jambo hili wauzaji wengi hawalisemi. Kwenye mita 2000 hewa imepungua karibu sehemu moja kwa tano kuliko kando ya bahari. Pompi inaendelea kuleta mazutu yale yale, lakini hewa ya kuyachoma haitoshi. Matokeo yake ni moshi mweusi, masizi mengi, na mashine inazimika baada ya muda. Kabla ya kulipa, muulize: mashine hii iko na mpango wa kurekebishwa kwa milimani? Nyingine zinajirekebisha zenyewe, nyingine fundi anapunguza mwendo wa pompi, na nyingine haziwezi kabisa. Na msinunue mpaka muone mashine ikitembea kule kwenu juu, si sokoni chini.

Hesabu ya vifaranga 500

Kifaranga wa siku moja anahitaji digrii 32 mpaka 35 wiki ya kwanza. Kila wiki munapunguza karibu digrii 3, mpaka manyoya yaote. Usiku wa digrii 10, bila joto, vifaranga wanapandana, na wale wa chini wanakufa kwa kukosa hewa.

Msijaribu kupasha garaji nzima. Mzungushe duara la makartoni ao mikeka, na juu mtandike dari ya shitingi ao magunia, mkiacha nafasi hewa ya zamani itoke. Mtandaze pumba za mbao ao maganda ya mchele chini. Mupashe hiyo nafasi ndogo.

Tuchukue shofaje ya kilowati 2 inayokula lita 0,15 kwa saa. Wiki ya kwanza inatembea usiku na mchana: masaa 168, ni lita 25. Wiki ya pili na ya tatu inatembea usiku tu, masaa 12 kwa siku 14: tena masaa 168, tena lita 25. Jumla ni lita 50, yaani desilita moja kwa kila kifaranga. Sasa kila koperative ichukue bei ya mazutu ya kwao, pamoja na usafiri wa bidoni, izidishe mara 50, na kulinganisha na hasara ya vifaranga wanaokufa. Kama upepo unapita kwenye kuta, hesabu hiyo inaweza kuongezeka mara mbili. Kwa hiyo kuziba kuta kunatangulia kununua mashine.

Kwa umeme, amperi 1,5 mara masaa 24 ni amperi-saa 36 kwa siku. Batri ya amperi-saa 100 na pano ya jua ya wati 200 vinaweza kubeba kazi hiyo kama jua linapatikana masaa manne. Siku za mawingu, muwe na batri ya pili ao mpango mwingine.

Macho ndiyo kipimo cha kwanza. Vifaranga wakijikusanya katikati na kulia, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kufungua midomo, joto limezidi. Wakienda wote upande mmoja, kuna upepo unaingia. Wakitawanyika na kula, mambo iko sawa.

Kwa familia na wafugaji wadogo

Familia nyingi hazina haja ya shofaje, wala pesa yake. Nyumba ya manjanja isiyo na dari inatupa joto lote juu. Dari ya mikeka ao ya mianzi, matope kwenye nyufa za ukuta, na kitanda kilichoinuliwa kutoka kwenye udongo vinapasha kuliko mbabula, na haviui mutu. Kama munapika ndani, mjenge jiko la udongo lenye bomba la moshi linalopita juu ya paa.

Kwa vifaranga 50, kuna joto lisilo na moto: bidoni ya lita 20 yenye maji ya moto. Maji yakitoka digrii 60 mpaka 30 yanaacha joto la karibu kilowati-saa 0,7. Mufunge kifuniko vizuri, muzungushe gunia, mulaze kati ya vifaranga, na mubadilishe yakipoa. Msitie maji yanayochemka, plastiki italegea.

Mutu akipatikana amelegea pembeni ya moto

Kwanza mfungue mlango na madirisha, mumtoe inje, na anayeingia kumtoa asikae ndani. Mtoe wengine wote, hata wanaosema wako sawa. Mpeleke kwenye hospitali ao santé, na mumwambie daktari ao muganga: « Alilala na mbabula. » Maneno hayo matatu yanamwonyesha njia, kwa sababu dawa ya kweli ni oksijeni. Maziwa hayaondoi gesi hii kwenye damu. Msimnyweshe kitu mutu ambaye akili yake haijarudi.

Ya kukumbuka

Kabla ya kuwasha moto wowote ndani ya nyumba ao garaji, tuulize maswali mawili: hewa ya moto huu inatoka wapi, na moshi wake unaenda wapi? Kama jibu la yote mawili ni « humu ndani », moto huo utoke inje kabla mutu hajalala. Kwenye mkutano unaokuja wa koperative yenu, musome orodha hii pamoja, na muhesabu ni nyumba ngapi zinalala na mbabula msimu huu wa baridi. Hiyo hesabu haihitaji mashine wala pesa.