Shahada ya burudani kwa miezi 20

Shahada ya kwanza nchini Marekani kwa kawaida huchukua miaka minne. Katika Chuo Kikuu cha Full Sail, kilichoko Winter Park karibu na jiji la Orlando, Florida, wapo wanaoikamilisha kwa takriban miezi 20. Hufunzwa kurekodi muziki, kutengeneza filamu na kubuni michezo ya kompyuta.

Kinachoondolewa hasa ni likizo ndefu, wala si masomo. Mwanafunzi hushughulikia somo moja au mawili kwa mwezi, kisha huanza mengine mara moja. Vipindi vya studio huweza kuangukia usiku wa manane, kwani ndivyo kazi yenyewe ilivyo.

Chuo hicho kilianza mwaka 1979 huko Dayton, Ohio, kikifunza kurekodi sauti. Mhitimu wake, Gary Rizzo, alitwaa tuzo ya Oscar ya uchanganyaji sauti mwaka 2011, akairudia 2018.

Lakini si wote watakaofika huko, na karo ya chuo hicho cha kibinafsi ni ghali. Asomaye mchana na usiku hupata wapi nafasi ya kibarua? Wengi hukopa. Mikopo ya serikali kuu huanza kulipwa miezi sita baada ya masomo, ilhali ajira ya filamu aghalabu hudumu hadi filamu ikamilike.